Nyumba Isiyo na Moshi

Jumatatu, 10 Agosti 1998

Naomba radhi, shajara yangu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Si uvivu; mtu aliyefundisha darasa la tano kule Kalehe, Kongo, mpaka mvi zikamjaa kichwani haitwi mvivu. Nilikuwa na shughuli. Kwanza nilikuwa nauza ng'ombe. Kisha nilikuwa nagombana na mke wangu kwa sababu ya ng'ombe. Kisha nilikuwa nanunua maharage kwa thamani ya ng'ombe. Mambo hayo hayamwachii mtu nafasi ya kalamu.

Ng'ombe aliitwa Gaju. Mke wangu, Mukarugwiza, alimpenda kuliko anavyonipenda mimi, na hakulificha jambo hilo hata mbele ya padri. Lakini mimi huona mbali. Mwezi Julai wakulima wa Gitambi walikuwa na maharage mengi na bei ilikuwa chini. Nilisema moyoni: maharage haya yatapanda. Nikauza Gaju, nikanunua magunia, nikayapanga chumba cha nyuma kutoka sakafuni hadi dirishani, nikayafunika kwa turubai la buluu, lile la wakimbizi.

Na tazama! Vita vimeanza tena ng'ambo ya mto, Kongo. Daraja la Rusizi limefungwa. Unga wa muhogo wa Bukavu hauvuki, sambaza, wale dagaa wa ziwani, hawavuki, hata chumvi ni ya kuomba. Sokoni Kamembe wauzaji walikuwa wakijaza mironko, kile kikopo chetu cha kupimia, mpaka maharage yanafanya kilima juu. Leo wanayafuta kwa kiganja mpaka yalingane na ukingo. Wengine wamegonga kitako cha kopo kwa nyundo ili kiingie ndani. Bei imepanda na kopo limepungua. Mimi nimetulia.

Mpango ni rahisi. Kungoja bei ifike kileleni. Kuuza. Kununua ng'ombe wawili. Mukarugwiza atanyamaza.

Kuna hatari moja tu: moshi. Hapa Gihundwe, jioni, kila mtu husimama mlangoni na kusoma moshi wa wenzake. Nyumba inayofuka ni nyumba yenye kitu. Watakuja jirani na vikapu. Watakuja na ndugu ambao sijawahi kusikia kwamba ni ndugu. Kwa hiyo nimepiga marufuku moto nyumbani kwangu. Mkaa nao haufai, kwani harufu ya maharage hupita hata kwenye tundu la ufunguo.

Mukarugwiza aliuliza majivu yatatoka wapi. Alisema maharage ya Gitambi yasipochanganywa na majivu huingiwa na fukusi, na kwamba majivu ya mwezi uliopita alikwisha kuyamwaga migombani. Nilimjibu kwamba nitalishughulikia.

Alhamisi, 13 Agosti

Siku za moto uliozimwa ni ndefu. Asubuhi parachichi. Mchana parachichi. Jioni ndizi mbivu, halafu, kwa kubadilisha, parachichi. Mukarugwiza hushuka Kamembe kwa dada yake na hurudi akinukia samaki. Nilimwambia kwamba mke mwema hushiriki taabu ya mumewe. Alijibu kwamba taabu yangu imejaa chumba kizima na imefunikwa turubai. Akitaka kushiriki aanzie gunia lipi?

Nilisikiliza redio. Walisema mahali pengi duniani chakula kimepanda bei. Indonesia watu wameingia barabarani kwa sababu ya mchele. Nilifarijika sana. Baadhi ya watu, nikisema baadhi namaanisha mke wangu, huniona kama mtu wa hila. Kumbe mimi ni sehemu ya uchumi wa dunia.

Habari ya majivu imerudi. Mukarugwiza anasema jirani yetu Nyirahabimana huwasha moto kila jioni, bila shaka ana majivu tele, aende amwombe kikapu. Nilikataa katakata. Ni nani anayeomba kikapu cha majivu kama hana maharage ya kuyachanganya nayo? Kuomba majivu ni sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza. Nilimwambia angoje. Fukusi nao watangoja.

Jumanne, 18 Agosti

Leo nimekaa kizingitini na kutazama moshi wa Nyirahabimana. Nimetazama kwa makini, kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wakati wa mtihani.

Mwanamke huyu ni mjane. Anaishi na mjukuu mmoja, Izabayo, msichana wa miaka mitano hivi. Mama yake mtoto alibaki ng'ambo mwaka ule wa kambi za wakimbizi, na hakuna anayeuliza zaidi. Shamba lake ni kipande cha mteremko ambacho mbuzi angekivuka kwa kuruka. Hana pensheni. Hana ndugu Kigali. Hata hivyo kila jioni, jua likigusa mgongo wa milima ya ng'ambo, moshi! Mnene, wa kuni mbichi, unapanda wima. Na chungu kikubwa juu ya mafiga. Nimekiona.

Anapata wapi? Soko linalia, mji mzima unalia, na mjane anapika chungu kikubwa kila siku ya Mungu.

Jibu ni moja. Ameficha. Tena ameficha zaidi yangu, maana anathubutu kupika.

Sikulala vizuri. Sikujua kwamba nina mshindani.

Jumamosi, 22 Agosti

Jambo la kuudhi. Jioni Izabayo alikuja mlangoni na kigae cha chungu mikononi, na ndani ya kigae makaa ya moto juu ya jani bichi la mgomba. Bibi yake ndiye aliyemtuma. Hii ni desturi ya hapa: moto wa jirani ukizimika unampelekea wako, na asiyepokea moto ametukana ukoo mzima.

Mtoto alisema: "Nyanya amesema tubaletee moto, juu ya kwenu imekufa."

Nilimweleza kwamba husemi "imekufa", moto huzimika, tena si "tubaletee" bali "tuwaletee". Alinitazama. Macho yake ni makubwa kuliko nilivyokuwa nikikumbuka, na nywele zake zimekuwa na rangi ya mahindi yanapoanza kukauka. Nilidhani ni vumbi la kiangazi.

Nilipokea makaa kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Nikayapeleka uani. Nikayamwagia maji.

Yalilia sana. Nilipogeuka, mtoto alikuwa bado amesimama pale njiani, anasikiliza. Nilimwambia kwamba tayari tumekwisha kula. Akaondoka na kigae chake.

Nimefikiri juu ya jambo hili na nimepata maana yake. Nyirahabimana ananipeleleza. Amemtuma mtoto aje kunusa.

Jumamosi, 29 Agosti

Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, palikuwa na mkutano. Konseye, yaani diwani wa sekta yetu, Ndizeye, alisimama juu ya jiwe. Ni kijana mrefu, mwembamba, suruali yake imefungwa kwa kamba. Alisema amesikia kuna watu wanaoficha chakula ili wakiuze kwa bei ya damu. Alisema ataanza kukagua nyumba, na atakachokipata kitauzwa sokoni kwa mironko ya zamani, ile yenye kilima.

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilipiga kwa nguvu hata Ndizeye akanishukuru mbele ya watu. Alisema watu wangekuwa kama Mwalimu Munyemana, ambaye nyumba yake haina moshi na bado halalamiki. Watu waligeuka wakanitazama kwa huruma. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa, akasema: "Maskini, Mwalimu."

Niliinamisha uso. Nilikuwa na njaa kweli, hivyo haikuwa vigumu.

Nilipofika nyumbani Ramazani alikuwa akinisubiri. Ni mfanyabiashara wa Kamembe, Mwislamu mwenye duka la nafaka karibu na stendi, na ndiye mtu pekee anayejua, kwa sababu lori lake ndilo lililoyaleta magunia. Aliniambia niuze sasa. Alitaja bei ambayo ingenirudishia Gaju na ndama juu yake. Mukarugwiza, aliyekuwa akifagia, aliacha kufagia.

Nilisema bado.

Ramazani alisema maharage si dhahabu, maharage yana tumbo na yanaweza kuugua. Nilimwambia kwamba mimi husikiliza redio. Mukarugwiza akaanza kufagia tena, kwa nguvu, kuelekea miguuni pangu.

Alhamisi, 3 Septemba

Nyirahabimana amekuja mwenyewe. Alikuja na bakuli lililofunikwa kwa jani. Alisimama nje, hakutaka kuingia, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kumbe anatoa, kwamba ni majani ya lengalenga kidogo tu, amechuma kando ya mfereji. Alisema kila jioni anaona kwetu hakuna moshi na roho inamuuma.

"Kula, Mwalimu," alisema. "Mutu muzima hawezi kuishi na avoka."

Nililipokea. Alipoondoka nilikula yote, nimesimama, kwa vidole. Hayakuwa na chumvi wala mafuta. Sijapata kula kitu kitamu kama kile tangu Julai.

Mukarugwiza alirudi akakuta nalamba bakuli. Nilipomweleza lilikotoka alikaa chini sakafuni. Aliniuliza kama nimemwona mtoto siku hizi. Nilisema nimemwona. Aliniuliza kama nimeiona miguu yake, jinsi ilivyovimba. Nilisema watoto wa siku hizi wananenepa mapema. Basi akalia, na alilia bila kelele, jambo ambalo hulifanya mara chache, na ndiyo sababu linanisumbua.

Alisema atampelekea mama yule maharage, kikapu kimoja tu. Nilimkumbusha Ndizeye na ukaguzi wake. Kikapu kimoja kikitoka, kilima kizima kitauliza kimetoka wapi. Nilimkumbusha pia ng'ombe wawili.

Tena nilimwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona. Mtu hagawi mboga kama hana kitu kizuri zaidi nyuma yake. Nani hutoa cha mwisho? Bakuli lile ni ushahidi. Mwanamke yule ana akiba, na ananitupia majani ili nisiulize.

Mukarugwiza aliinuka. Akaenda kuliosha bakuli.

Jumatatu, 7 Septemba

Ramazani amerudi. Amepandisha bei tena. Alisema hii ni ya mwisho. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu. Nilimweleza kwamba mvua za kupanda ziko karibu, na wakati wa kupanda watu watataka maharage mara mbili: ya chungu na ya udongo. Wengi wamekula mbegu zao. Hapo ndipo kilele kilipo.

Alisema: "Mzee, siku ingine utauza bila miye kukuomba." Akaondoka bila kunywa hata maji. Kwa kweli sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mchana nilisikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Ndogo sana, ya mfululizo, kama manyunyu juu ya turubai. Nilitoka nje kutazama anga. Hakuna hata wingu. Nikarudi, nikasikiliza tena, na nikafurahi. Mvua zinakaribia, hata masikio yangu yanazisikia kabla ya wengine.

Sikufunua turubai. Mukarugwiza yuko uani na ana macho makali. Kila akiona turubai limefunuliwa hunyoosha mkono.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimefanya uamuzi wa mtu mzima.

Ndizeye ameanza ukaguzi upande wa chini wa kilima. Nyumba kwa nyumba. Akiendelea hivi, atafika kwangu kabla ya mvua. Nimefikiri usiku na mchana. Mkaguzi ni kama mbwa mwenye njaa: akipata mfupa mmoja mzuri anaacha kunusa. Kwa hiyo apewe mfupa.

Nilimkuta chini ya paa la ofisi yake. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kumsema jirani. Nilimwambia kwamba dhamiri yangu kama mwalimu imenilazimisha. Nikamwambia: mjane, kipande cha mteremko, chungu kikubwa, moshi kila jioni. Nilimwomba afanye hesabu mwenyewe.

Ndizeye hakupenda. Alikuna shingo. Alisema mama yule alimfunga kidonda cha mguu alipokuwa mtoto. Nilimjibu kwamba sheria haijui kidonda. Alisema ni kweli, na kwamba atakuja Jumatatu jioni, saa ya moshi, mbele ya watu, ili isisemwe kwamba anawapendelea watu wake.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilikula parachichi mbili.

Jumatatu, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na moshi.

Moshi ulipanda kama kawaida. Ndizeye alikuja na watu wawili wa usalama, na jirani walifuata, maana habari haikai mahali pamoja. Mimi nilisimama nyuma, karibu na ua, mahali ambapo mtu anaweza kuona bila kuonekana. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, kinachemka, kifuniko kinarukaruka. Izabayo alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Hakusimama kutusalimu. Alikuwa mtoto wa kukimbia.

Ndizeye aliomba radhi. Akaomba afunue chungu. Nyirahabimana alisimama mbele yake. Alisema konseye akague nyumba yote, apande hata darini, lakini chungu aache. Watu wakanong'ona. Mimi moyoni nilisema: haya!

Ndizeye alifunua.

Aliinama. Akachukua mwiko, akakoroga, akauinua. Yakadondoka maji.

Nyirahabimana alisema: "Ni maji, konseye. Angalia muzuri. Ni maji."

Watu wa usalama waliingia ndani wakatoka upesi, kama watu waliokosea mlango. Ndizeye alirudisha kifuniko polepole, akakiweka sawasawa, kana kwamba ndani kuna kitu kitakachopoa.

Nyirahabimana alifunika uso kwa kanga, kisha akaufunua. Alisema: "Moshi hii ilikuwa ya haya yangu. Nyumba yenye kuwa na moshi, batu banapita banasema, pale wako muzuri. Sasa bote mumeona."

Halafu akaniona. Nilidhani atanilaani. Ndizeye hakuwa amenitaja, lakini mtu aliyejibanza uani hujitaja mwenyewe. Alinitazama bila hasira yoyote.

"Mwalimu," alisema, "miye nilikuwa nakuhurumia weye. Nilikuwa nasema, miye nadanganya na moshi, lakini Mwalimu hana hata nguvu ya kudanganya."

Nilirudi nyumbani. Hakuna aliyenisindikiza.

Jumanne, 15 Septemba

Mukarugwiza hakuniuliza ruhusa. Alfajiri alichukua kikapu kikubwa, akaingia chumba cha nyuma, akavuta turubai likaanguka chini. Mimi nilikuwa kitandani. Nilingoja kelele za maharage kumiminika kikapuni. Sauti hiyo ninaijua na ninaipenda.

Sikuisikia.

Alikaa humo kitambo. Kisha akatoka akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, mkono umefumba. Akaufumbua juu ya blanketi langu. Unga. Unga wa kijivu, na ndani yake maganda yenye matundu, na fukusi wadogo weusi wakitembea kwa haraka kama watu waliochelewa misa.

"Fukusi zilikula ng'ombe yangu, Mwalimu," alisema.

Nilifungua magunia yote. La juu, la kati, la ukutani. Nilitia mkono mpaka kwapani. Ukibonyeza harage linapasuka kama ganda la yai. Yale manyunyu niliyoyasikia! Walikuwa wakila.

Yote haya kwa kukosa majivu. Na pale ng'ambo ya ua, kwa Nyirahabimana, kuna lundo la majivu linalofika magotini, majivu ya jioni zote zile alizochoma kuni bila chakula. Angetugawia bure. Mukarugwiza alisema hivyo mara moja tu, na hakurudia.

Aliburuta magunia nje, moja baada ya jingine, akayamwaga njiani mbele ya nyumba. Nilimsihi angoje giza. Watu wa kwenda kazini walisimama. Nilisema ni mbolea. Mzee mmoja aliinama, akachukua punje moja, akaitazama juani, akatambua kwamba zamani ilikuwa harage. Aliiweka chini na kunawa mkono kwenye umande.

Ndizeye alifika. Nilimwuliza kama ananikamata. Alitazama njia yote, kijivu kutoka mlango wangu hadi kona. Alisema amri yake ni ya wanaoficha chakula, na hiki si chakula.

Kuku wa kilima chote walikuja. Wanakula fukusi. Hakuna aliyewaita.

Saa nne Mukarugwiza alimfunga Izabayo mgongoni, akampeleka hospitali pamoja na bibi yake. Hakusema atarudi lini.

Jumapili, 20 Septemba

Mvua zimeanza. Kilima kizima kiko shambani na majembe, na wengi hawana cha kupanda. Bado wananisalimu, lakini wanasalimu ile nyumba, si mimi. "Amani hapa," wanasema, na wanapita.

Nimekwenda hospitali. Kuna uwanja nyuma ya wodi ambapo kila mgonjwa hupikiwa na watu wake. Asiye na watu hana chakula. Mukarugwiza alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akikoroga uji. Hakuniambia nikae. Niliuliza habari za mtoto. Alisema anameza sasa, kidogokidogo, lakini hawezi kusimama. Muuguzi amesema alitakiwa kuletwa kabla miguu haijavimba. Amesema pia kwamba kama angepata hata maharage, maharage tu, mwezi uliopita.

Hakuniangalia alipokuwa akisema hivyo. Ingekuwa nafuu kama angeniangalia.

Niliuliza chakula hiki kinatoka wapi. Alisema jirani wanaleta, mmoja kiazi, mwingine konzi ya mtama. Maharage yanatoka kwa Ndizeye. Ameleta yote ya nyumbani kwake, hata yale aliyoyahifadhi kwenye majivu kwa ajili ya kupanda. Mkewe amekwenda kwa wazazi wake Nkungu ili apate kula. Yeye mwenyewe, alisema Mukarugwiza, anakunywa maji na kwenda ofisini.

Nilisema huyo ni kijana mwema. Ninapenda kutoa sifa panapostahili.

Nyirahabimana alikuwa amelala kwenye saruji kando ya kitanda cha mtoto. Izabayo alikuwa macho. Nilimwuliza hali. Alisema: "Moto yenu ilikufa tena?"

Sikumsahihisha.

Jumatano, 23 Septemba

Nimekuwa nikifikiri. Mtu hapaswi kukata tamaa.

Nilifagia njia kabla kuku hawajamaliza, nikapata gunia karibu zima la unga ule. Ukichekechwa vizuri, fukusi wanabaki juu. Unga ni unga. Pale hospitalini kuna watu wengi wanaokoroga uji bila kitu ndani yake. Nilijaribu kuupima kwa kijiko. Rangi si mbaya ukiutazama kivulini.

Nilimpelekea Ramazani sampuli katika karatasi. Aliifungua, akanusa, akaifunga tena polepole.

"Mzee," alisema, "hii hata kuku yangu itaniuliza nimeikosea nini."

Wateja walicheka. Nilimwambia kwamba hajui lishe. Alinipa mkate mmoja bure, na nilipokataa aliutia mwenyewe katika mfuko wa koti langu. Nilijifanya sikuona. Niliula njiani, kabla sijaupita msikiti wa Kamembe.

Jumapili, 27 Septemba

Izabayo amesimama leo, ameshika kitanda, kwa muda wa Baba Yetu moja. Halafu akaanguka. Mukarugwiza alinitumia habari hiyo kwa mtu anayepita. Yeye mwenyewe haji. Amesema siku nikijenga zizi ndipo atakapokuja kutazama kama lina ng'ombe.

Moto nyumbani kwangu sasa ni halali. Hakuna cha kuficha. Nimewasha jioni hii, na juu yake nimeweka chungu, na ndani ya chungu kuna maji. Moshi umepanda vizuri. Anayepita atasema, pale wako vizuri. Nyirahabimana ni mwanamke mwenye akili. Nimekuwa nikisema hivyo siku zote.

Nilipokuwa nimekaa kizingitini nilitazama kilima. Mvua ilikuwa imetulia na moshi ulionekana wazi, nyumba kwa nyumba. Nilihesabu kwa mazoea tu. Kwa Nyirahabimana hapana, lakini yeye yuko hospitali. Kwa wengine wote, upo, mwembamba lakini upo.

Kwa Ndizeye hapana.

Nilitazama tena. Hapana kabisa. Wala jana haukuwapo. Wala juzi. Nyumba ya konseye, mtu mwenye mshahara, mtu anayeingia katika kila ghala la kilima hiki, na jioni haitoi hata uzi mmoja wa moshi. Amemwondoa mkewe, kampeleka Nkungu, mbali na macho ya watu. Na tena hatembei haraka siku hizi. Anatembea polepole, ameshika ukuta, kama mtu mwenye jambo zito kifuani.

Mimi ni mtu mzima. Nimeishi katika nyumba isiyo na moshi. Ninajua nyumba isiyo na moshi maana yake nini.

Yule kijana ana maharage.

Swali ni moja: nimshitaki kwa wakubwa wake wa mjini, au niende kwake kwa upole, kama mtu mwenye uzoefu wa magunia, tuwe washirika? Kila njia ina faida yake. Nitalifikiria jambo hili usiku huu, na nikishachagua, nitachukua kalamu tena.